Picha Nane Ambazo Sikuziona

Mpendwa dada yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi huku Kuze hatujambo, na nyumba iko kama ulivyoiacha ulipokwenda Lamu kwa binti yako, ila mlango wa nyuma umevimba kwa mvua na haufungi sawasawa.

Barua hii sikuitia gundi. Nimeiandika ili aisome kila atakaye, na nakala yake itasomwa barazani kwetu. Sababu unaijua. Nilikukemea mbele ya watu; haifai nikusifu ndani ya bahasha.

Uliingia nyumba hii vita vilipoanza, baada ya kumaliza eda, ukiwa na makasha mawili na kile kisanduku cha kupigia picha alichokuachia marehemu mumeo. Nilidhani utapumzika. Wiki haijaisha, ulikuwa umekwisha kujitwika shughuli za nyumba tano. Asubuhi, baada ya chai, ulivaa buibui, ukashika kikapu, ukapita uchochoroni ukibisha hodi. Huyu anataka uzi mweusi, yule anataka dawa ya macho ya hospitali, mwengine ana barua ya kutiwa posta na hana wa kumtuma. Hakuna aliyekupa kazi hiyo. Ulijipa mwenyewe.

Jioni ulikaa ukumbini ukashukuru kimoja kimoja. Sabuni imepatikana. Mganga wa macho hakuwa na haraka leo. Ukuta wa Ndia Kuu ulikuwa na kivuli mpaka karibu na adhuhuri. Mimi, na madaftari ya wanafunzi mapajani, nilikuuliza kama kivuli cha ukuta nacho ni jambo la kuhimidiwa.

"Kaka," ulinijibu, "wewe hukubeba kikapu."

Siku moja ya mapumziko ulinivuta kwa miguu mpaka Kibarani, maji yakiwa yamekupwa, ili umpige picha yangeyange aliyekuwa akitembea kwenye matope kando ya mikoko. Ulisimama na kisanduku kifuani kwa muda mrefu mno. Ndege akageuka, akatupa mgongo, akaruka. Hukubonyeza. Nilikasirika kwa ajili ya viatu vyangu. Nikasema tumekuja bure.

"Filamu ni adimu, kaka, ina picha nane tu. Kutazama si adimu." Ukaniongoza kurudi nyumbani ukiwa na furaha ya mtu aliyepewa kitu. Siku ile sikukuelewa, na kwa kuwa sikukuelewa nilikuhubiria njia nzima.

Kisha ikaja barua ya Athumani.

Kwa wasomao barua hii na hawamjui, Athumani ni mwana wa pekee wa Bi Mwanakombo, jirani yetu wa mlango kwa mlango. Alikuwa dereva wa lori jeshini, na vita vilikuwa vimemfikisha Burma. Barua zake nilimsomea mama yake mimi, yeye akiwa nyuma ya pazia. Katika barua ile aliandika kwamba akimkumbuka mamake huiona mikono yake na kanga yake, lakini uso haumjii tena. Akaomba picha.

Bi Mwanakombo akasogea karibu na pazia.

"Amesema haumjii?"

"Amesema hivyo."

Bi Mwanakombo hakuwa amepata kupigwa picha, wala mwanamke yeyote wa uchochoro ule. Uso ambao tangu ujana haujaonwa na mwanamume asiye maharimu hauwezi kwenda kukaa mbele ya fundi wa picha. Nilimwambia tutamwandikia Athumani maelezo mazuri. Ndipo wewe, uliyekuwa umeketi naye huko ndani, ukasema, "Mimi si mwanamume," na shauri likaisha.

Nilipokuwa shuleni, uliwakusanya mama wanane wa askari katika ua wa Bi Mwanakombo, karibu na kisima, mahali penye mwanga. Uliwapiga picha mmoja mmoja, nyuso wazi, wanda machoni, asumini kichwani, kama wana wao wawajuavyo. Mmoja alikataa kukaa. Alipigwa picha akipepeta mchele, maana alisema mwanawe hajapata kumwona amekaa.

Kisha mkafanya kosa ambalo watu tisa wenye akili zao hawakuliona. Uliitoa filamu, ukaipeleka moja kwa moja kwa yule fundi Mgoa wa Ndia Kuu, kama ulivyozoea kumpelekea picha zako za ndege. Ukarudi, mkakaa kunywa kahawa. Bi Mwanakombo akauliza, kikombe mkononi:

"Na huyo anayeziosha, huziosha amefumba macho?"

Hukumaliza kahawa yako.

Kwa rehema ya Mungu fundi alikuwa hajaigusa. Alikurudishia bila swali. Uliporudi ulipita barazani, nami nilikuwa nimekaa na wanaume watano. Nikakuuliza kwa nini watembea kama mtu aliyeibiwa. Wewe hujui kusema uongo, ukanieleza yote. Nami nikasema maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Mwanamke wa nyumba hii hatembezi nyuso za wake za watu madukani. Katupe kitu hicho baharini."

Uliweka mkono juu ya kikapu.

"Kaka, nyuso ni zao. Mimi nabeba tu, kama nibebavyo sabuni."

Ukaingia ndani. Mzee mmoja alikohoa. Mimi nilijiona nimefanya la haki, na kahawa ikaendelea.

Kabla ya magharibi Bi Mwanakombo aliniita. Nikasimama mbele ya pazia.

"Maalim, ile barua ya Athumani uliisoma yote?"

"Niliisoma yote."

"Hukuruka mahali?"

"Mimi siruki, Bi Mwanakombo."

"Basi umesikia alilolisema. Nami nina kifua hiki, sijui kama nitaviona vita vikiisha. Ukiitupa baharini, unitupe na mimi."

Nilirudi nyumbani, nikakukuta jikoni. Sikukuomba radhi. Nilisema tu, "Kesho tutakwenda pamoja," nawe ukasema, "Inshallah," ukaniongezea mchuzi.

Mambo ya kesho yake, huko kwa fundi, nayakumbuka kuliko siku yangu ya kwanza shuleni. Fundi alisema kazi yenyewe si ngumu, ila hufanywa katika chumba cha giza, na yeye hawezi kuingia nanyi humo. Basi mliingia wawili, wewe na Bi Mwanakombo, pamoja na taa nyekundu na masahani ya dawa. Mlango ukafungwa. Yeye akasimama nje akikuelekeza, nami nikasimama karibu naye na saa yangu ya mfukoni, nikihesabu dakika kwa sauti. Mwalimu mzima, darasa langu likiwa mlango wa mbao.

"Bibi, inua filamu upande moja, shusha upande ingine, kama bembea," alisema fundi. "Usisimame."

"Humu mna joto kama tanuri," ilitoka sauti ya Bi Mwanakombo.

"Mama, usifungue mlango."

"Sijafungua. Nasema tu kuna joto. Kusema nako kunaharibu picha?"

"Dakika ya tatu," nikasema.

Kisha tukasikia ukelele. Nikadhani dawa imewaunguza.

"Rukia, ndiye mimi huyu? Uso mweusi, nywele nyeupe, wanda mweupe. Weye umenigeuza zimwi."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwenye filamu nyeusi hugeuka nyeupe, mwambie mama angoje karatasi. Kwenye karatasi atarudi kuwa mzuri."

"Nirudi? Nilikuwa mzuri tangu hapo."

Karatasi nazo mlizitia dawa wenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Saba zilitoka safi. Ya mpepeta mchele ilikuwa na ukungu usoni, kwa sababu hakutulia. Alipoonyeshwa alisema, "Ipelekeni. Atanijua kwa ungo." Kila mama alishona picha yake ndani ya kitambaa kwa mkono wake, na askari wa Kibokoni aliyekuwa likizoni akazichukua zote aliporudi kikosini. Filamu yenyewe uliikata, ukampa kila mama sehemu yake. Hukubakiza hata kipande.

Tangu uondoke, wanawake wa uchochoro wananituma mimi. Wiki ya kwanza nilinung'unika. Sasa naijua saa ya kivuli cha Ndia Kuu, na namjua muuza nyuzi anayenikatia urefu wa haki. Jumanne nilipeleka dawa Makupa, nikasimama kando ya matope nikiwatazama ndege wadogo, vitwitwi, mpaka chupa ikapata joto mkononi. Nilishukuru, dada. Kimoja kimoja.

Na sasa habari iliyonifanya nishike kalamu. Athumani amerudi. Aliingia mtaani juzi, amekonda, anachechemea kidogo. Mama yake alikuwa ukumbini pamoja na wanawake wengine sita, wote wamevaa buibui, na Athumani alimwendea yeye bila kuuliza. Kifua cha mama bado chamsumbua, lakini amemwona mwanawe.

Jioni alikuja kuniamkia. Aliweka mkono mfukoni, akatoa kitambaa kilichochakaa kwenye mikunjo. Nilidhani atakifungua. Nakiri nilitaka kuona, baada ya kusimama mlangoni kote kule.

"Maalim, nisamehe," alisema. "Wenzangu kambini waliniomba miaka yote, sikuwaonyesha. Na wewe siwezi kukuonyesha. Huyu ni mama."

Nilimwambia amefanya vema.

Miaka mingi nimesahihisha kazi za watu na kuziwekea alama. Hii yako sijaiona, wala sitaiona. Hakuna mwanamume wa baraza hili atakayeiona. Wazee watasomewa barua hii leo, na nitawatazama machoni nikisema kwamba aliyeifanya ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Uwe salama huko Lamu, wewe na wajukuu, na uniwie radhi.

Mimi,
Kaka yako, wa Kuze