Ngumi Nilizozificha

Jumatatu, 2 Februari

Kilomita sita. Kutoka Igogo kando ya ziwa hadi karibu na bandari, na kurudi. Miguu mizuri. Pumzi nzuri. Kichwa kinauma upande wa kushoto tangu Jumamosi. Vidonge viwili, chai, shule.

Darasa la Tatu leo wamenitazama jicho badala ya ubao. Nilipaka poda, lakini jua la Mkolani, iliko shule, huiyeyusha kabla ya saa nne. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akauliza kama nimeanguka. Nikasema nimegonga kabati. Akaridhika.

Jioni mazoezi. Kamba, mfuko, tumbo. Kocha Maige katangaza: pambano langu ni tarehe 28, ukumbini kule Usagara. Raundi nne. Msichana anatoka Shinyanga. La kwanza langu mbele ya watu waliolipa kiingilio. Nimefurahi mno. Nimejifanya kawaida.

Alhamisi, 5 Februari

Mwalimu Mkuu ameniita. Akafunga mlango.

"Madam Koku, mimi ni mtu mzima. Niambie anayekupiga."

Hakuna, nikasema. Sina mume.

"Basi mchumba. Watoto wanasema umegonga kabati. Walimu wanasema umeteleza bafuni. Mimi mwezi uliopita uliniambia mlango."

Nikamwambia ukweli. Kwamba nacheza ngumi, mwaka wa pili sasa, kwenye ghala la zamani kule Igogo. Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki.

"Kwa hiyo unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako, upigwe?"

Nikarudi darasani. Hasira kutwa nzima. Mwalimu wa michezo alivunjika mguu kwenye mpira na sote tukampelekea matunda. Hakuna aliyemfungia mlango.

Jumamosi, 7 Februari

Sparingi, pambano la mazoezi, na Suzana, raundi tano. Suzana ana miaka ishirini na mbili, anauza dagaa, mwepesi kama nini. Ukirusha ngumi, hayupo. Mimi sikwepi. Mimi napokea, naendelea mbele, nafika.

Kocha alisimamisha wote waangalie. "Mmeona Madam? Kichwa cha mawe ya Igogo. Unampiga, anakuja. Unampiga, anakuja!" Vijana wakapiga makofi. Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote. Hata siku ya kuhitimu chuo.

Baadaye, nje, niliona vimulimuli vyeupe kwenye ukingo wa macho. Ukuta ukasogea. Nikaushika. Suzana aliniona. Nikamwambia sijala tangu asubuhi. Nilikuwa nimekula.

Kocha akijua atanitoa kwenye pambano. Hatajua.

Jumatano, 11 Februari

Naita majina. Nikafika katikati ya daftari, nikasoma jina, nikainua macho, sikujua ni la nani. Watoto arobaini na nane na sura zote ngeni. Ilikuwa muda mfupi tu. Labda dakika. Wakadhani nawatania, wakacheka. Nami nikacheka.

Kisha nikaandika hesabu ileile ubaoni mara mbili.

Niandike na hili, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilianza ngumi kwa sababu ya Baba. Kule Muleba alimpiga Mama miaka kumi na moja, hadi alipoondoka mwenyewe na mwanamke mwingine. Mama hakuwahi kurudisha hata kofi. Siku nilipopita kwenye lile ghala nikamwona msichana anaupiga mfuko, nilisimama nje hadi wakamaliza. Niliapa hakuna atakayenipiga nisimpige. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine.

Jumatatu, 16 Februari

Kengele ya shule imenitia kichefuchefu. Kengele tu. Mwanga pia. Nimefundisha nikiwa nimewapa mgongo.

Mazoezini Suzana akanivuta pembeni. "Dada, mwambie Kocha. Hauko sawa."

Nikamwambia ashughulike na dagaa wake. Halafu nikaona aibu, nikamshika mkono, nikamwomba asiseme. Nilimbembeleza hasa. Akakubali, lakini hakunitazama tena hadi tunaondoka.

Nimesoma kwenye simu kuhusu kichwa kinachopigwa kabla hakijapona. Nikasoma nusu. Nikafunga.

Alhamisi, 19 Februari

Nimefungua daftari hili asubuhi niandike ya jana. Nikakuta nimekwisha kuandika. Ukurasa unaofuata, tena. Siku ileile, karibu maneno yaleyale, mara mbili, kwa mwandiko wangu. Sikumbuki kuandika hata moja.

Nimechana kurasa zote mbili. Nikazitia jikoni kwenye mkaa.

Naogopa.

Jumapili, 22 Februari

Mama ameingia na meli ya Bukoba asubuhi. Kliniki ya macho, wiki tatu. Kaja na mkungu wa ndizi, kahawa na senene kwenye kopo la maziwa. Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu, mbona umekonda. Tukaenda ibada pamoja. Nikakaa upande ambao haoni vizuri.

Mchana anamenya ndizi, mimi napepea moto. Akaweka kisu chini. Akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani, akasogeza uso wake karibu sana.

"Nini hiki, Koku?"

"Nimegonga kabati, Mama."

Akaniachia. Akachukua kisu. Akamenya ndizi mbili, tatu.

"Mimi nilikuwa nasema mlango," akasema.

Hakuna kingine. Tukala, nikaosha vyombo.

Jumatatu, 23 Februari

Nimemweleza yote kabla ya shule, nimesimama, mkoba begani. Alijua nafanya mazoezi. Hakujua ni mazoezi gani. Nilitegemea atalia au atanitukana.

"Nani anakulazimisha?"

"Hakuna."

"Unaweza kuacha?"

"Naweza. Wakati wowote."

"Acha leo."

"Wiki hii siwezi, Mama. Nina pambano Jumamosi."

Akatabasamu, lakini siyo kwa furaha. "Na mimi niliweza kuondoka. Kila wiki niliweza. Ila siyo wiki hiyo."

Nikamwambia siyo sawa hata kidogo. Nikatoka. Nimechelewa kipindi cha kwanza.

Jumatano, 25 Februari

Siyo sawa. Ulingoni kuna mwamuzi. Kuna kengele. Kuna mtu wa uzito wangu, na mimi narudisha. Baba hakuwa na kengele. Ngumi zimenipa mgongo ulionyooka. Zimenifanya nitembee Igogo bila kuinamisha kichwa. Hilo halinyang'anywi na mtu, hata Mama.

Lakini.

Poda. Kabati, bafu, mlango. Nilivyombembeleza Suzana asiseme. Ninavyosikia raha Kocha anaposifu ninavyovumilia kipigo. Mama naye alisifiwa hivyo na shangazi zangu wote. Mvumilivu, mvumilivu.

Suzana amecheza miaka minne, hana hata kovu. Anajua kukwepa. Anaupenda mchezo na mchezo haumdhuru. Mimi miaka miwili Kocha ananifundisha kukwepa na sijifunzi. Nikiiona ngumi inakuja, kuna kitu ndani yangu kinasimama kuisubiri. Sikuwahi kuandika hili. Kinaisubiri. Inapotua na nikabaki wima, ndipo najisikia mtu.

Labda mchezo hauna kosa. Labda ni mimi nisiyeufaa.

Bado nitacheza Jumamosi. Nimeahidi.

Jumamosi, 28 Februari

Saa mbili asubuhi. Nimepima uzito, uko sawa. Uji kidogo. Kichwa kizito lakini hakiumi. Mama amevaa kitenge chake cha kanisani, amekaa mlangoni na mkoba mapajani. Anakwenda na mimi. Sikumwalika na siwezi kumzuia.

Jumapili, 1 Machi

Nimeshinda. Naandika nilivyoambiwa.

Raundi ya kwanza naikumbuka. Ukumbi wa joto, harufu ya nyama choma, msichana wa Shinyanga mwenye mabega mapana na macho ya woga kama yangu. Nilimpiga vizuri. Ya pili nakumbuka vipande. Baada ya hapo nipo nje, kwenye benchi, mchana bado haujaisha, Mama amepiga magoti ananifungua viatu.

Suzana amenijazia yaliyobaki. Raundi ya tatu nilipigwa sikioni, nikayumba, sikuanguka. Nikaendelea mbele. Ya nne nilimbana kwenye kamba hadi kengele. Pointi zangu. Mwamuzi akainua mkono wangu, ukumbi ukasimama, Kocha akanibeba. Ninaambiwa nilicheka.

Kisha nikamuuliza Suzana tunapanda saa ngapi ulingoni. Nikamuuliza mara nne. Akaanza kulia, akamwambia Kocha kila kitu nilichomkataza.

Nilitapika mara mbili kwenye gari. Hospitali moja kwa moja. Mama alinishika mkono njia nzima.

Ushindi wangu wa kwanza. Watu wote wa ukumbini wanao. Mimi sina.

Jumatatu, 2 Machi

Wamepiga picha ya kichwa. Damu haikuvuja ndani. Mama alishukuru kwa Kihaya, kwa sauti, mbele ya watu.

Daktari ni kijana, mdogo kwangu. Akauliza kama nimewahi kuumwa kichwa kabla ya juzi. Nikafungua mdomo niseme hapana. Mama alikuwa ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakufanya chochote. Alinitazama tu kama mtu anayejua jibu na anataka kusikia kama nitalisema.

Nikasema yote. Vimulimuli, majina, ukuta, kurasa nilizochoma. Tangu Januari. Daktari akaandika, akageuza karatasi, akaendelea kuandika.

Ubongo ulitikiswa, akasema, na kabla haujatulia ukatikiswa tena, na tena. Majuma ya mapumziko. Hakuna simu, hakuna kukimbia. "Na ngumi, dada yangu, basi. Wapo wanaoweza mchezo huu kwa miaka. Wewe siyo mmoja wao."

Nikauliza, je, baada ya miezi sita?

Aliweka kalamu mezani. "Unaniuliza kana kwamba hujanisikia."

Nilimsikia.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda ghalani kumwambia Kocha mwenyewe. Mchana, kabla vijana hawajafika. Mama alinisindikiza hadi kona, akasubiri kwenye kivuli cha duka.

Kocha alikuwa anafagia. Nikamwamkia. Nikasema naacha. Alikaa juu ya tairi.

"Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Ungenitoa."

"Ndiyo. Ningekutoa." Akalaza fagio sakafuni. "Na mimi nilikuwa nakusifia hicho kichwa. Mbele ya watu."

Nikatazama mfuko unaoning'inia.

"Nisamehe, Madam."

Hilo sikulitaka. Nilitaka akasirike. Au aniombe nibaki, nipate cha kukataa. Aliniombea heri kama mtu anayesafiri, akasimama, akachukua fagio. Sikuwa na cha kurudisha. Hata glovu zilikuwa za pale.

Suzana aliingia wakati natoka, na ndoo yake ya dagaa kichwani. Nilimwambia ahsante. Aliiteremsha ndoo, akanikumbatia, akaipandisha tena. Mikono yangu sasa inanuka dagaa. Sijanawa.

Mama hakuniuliza nimesema nini. Alinipa chupa ya maji. Tukapanda mlima polepole, tukipumzika kila nilipotaka.

Jumamosi, 14 Machi

Mama kaondoka na meli ya jana. Kliniki wamempa miwani. Anasema ziwa ni kubwa kuliko alivyokumbuka.

Mimi nipo likizo ya ugonjwa hadi mwisho wa mwezi. Nalala sana. Kichwa kinauma asubuhi, mchana kinaacha. Siruhusiwi kuandika zaidi ya robo saa.

Sijisikii huru. Nilidhani nitajisikia. Miguu inataka kukimbia. Mabega yananyanyuka yenyewe nikisikia watu wanashangilia mpira kule chini. Kuna siku moja niliona aibu kwa kulia katikati ya kupiga mswaki.

Leo Mama alipopiga simu kusema amefika, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Baba alipoondoka, ulimkumbuka?

Nikadhani mtandao umekatika.

"Mwaka mzima," akasema. "Nilikuwa naweka sahani yake."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Bado, nikasema. Akaniambia nile, akakata.

Nimepika wali na maharage. Nimekula nusu. Wingu limetokea upande wa ziwani na upepo wa baridi. Nimetoka nikaanua nguo kabla ya mvua, nikazikunja kitandani moja moja.