Daktari wa Moyo na Sindano Yangu

Mama Mutua, mko salama huko Mitaboni? Hapa Machakos kwa binti yetu nakula kuliko chifu.

Daktari wa moyo ni msichana. Alisema mshipa wangu umeziba, atapitisha waya nyembamba kupitia mkono wangu auzibue bila kupasua kifua. Nikakataa. Akasema hiyo kazi ameisomea miaka mingi. Nikatoa sindano ya kushonea niliyochomeka kwa kofia. "Mimi nimechonga twiga wa mbao miaka arobaini bila shule. Tunga uzi nione."

"Lete, mzee," akacheka. Alikosa mara mbili, lakini hakusukuma. Akatulia mpaka uzi ukapita. Unajua ni twiga wangapi niliowavunja shingo kwa kulazimisha.

Nimekubali. Jumatatu ananifanyia hiyo kazi Nairobi. Siogopi hata kidogo, lakini niombee sana.

Mzee wako, Kioko