Kitambaa Kibichi kwenye Mawe

Jumatatu, 3 Machi
Masanduku tena hapa ghalani. Mazito, mgongo unaniuma. Ndani mawe marefu kama vipande vya muwa, yalichorongwa chini sana ardhini. Kila jiwe limepasuliwa katikati. Nusu moja ya kugawa, watu wa vyuo wanakuja kukata vipande vya utafiti. Nusu ya pili haiguswi, wamewekewa hata ambao hawajazaliwa. Napenda hilo.
Ijumaa muda wangu wa majaribio kazini unaisha. Wasiponichukua narudi kusafisha maofisi usiku, binti yangu Zuhura alale tena kwa jirani. Mto wake wa kulalia nimeuacha hukohuko. Sijaamini bado kama kazi hii ni yangu.

Jumatano, 5 Machi
Kesho kuna mgeni, mwanafunzi, anatoka mbali kufuata sanduku moja. Nimelitoa. Vumbi tupu. Mgeni hakaribishwi na vumbi. Nikachovya kitambaa majini, nikapangusa jiwe moja moja. Yakang'aa. Nimefurahi peke yangu.
Kwenye basi la kurudi nyumbani Barking nikalamba mdomo. Chumvi. Vidole pia.
Mungu wangu. Yale mawe ni chumvi.
Na lebo sikusoma. Nimetoa nusu ipi? Sahani yangu nikaisukuma kando. Zuhura kaniuliza, "Mummy, are you sick?" Nikamwambia ale.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika mlango haujafunguliwa. Msimamizi wetu ni Mama Kaur, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu. Nimemwambia yote hata koti hajavua. Akaenda kwenye sanduku, akapitisha kidole. Mawe yamelika, laini kama sabuni iliyotumika.
"Wewe mama, nani alikuambia mawe inaoga?"
Sikucheka. Nikauliza ni nusu ipi. Akasoma lebo, taratibu mno. Ya kugawa. Afadhali.
Ila ndiyo aliyoifuata mgeni. Binti mdogo kuliko mimi. Alikunja uso, yeye na Mama Kaur wakakata ndani zaidi mpaka wakapata pakavu. Kaondoka bila kuniaga. Mama Kaur hakunitazama siku nzima.
Nakichukia kile kitambaa.

Ijumaa, 7 Machi
Kutwa hakuna aliyetaja kama wananichukua. Mimi sikuthubutu kuuliza.
Jioni nimefuata koti. Kwenye ndoano yangu, pale ninapoanika kitambaa, imetundikwa brashi mpya, kavu. Kwenye mpini jina langu, Mwajuma, kwa kalamu nyeusi. Mama Kaur alikuwa anafunga milango. Akasema tu nisichelewe Jumatatu.
Nimepitia kwa jirani, nimeuchukua mto.