Nilisoma "Safisha", Kumbe Ni "Sasisha"

Shikamoo Mama Emilia. Kwanza nakuomba usinicheke, au ukicheka ucheke kidogo halafu unisaidie, maana nimebanwa na jambo ambalo hata mama yangu mzazi sijamwambia. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Masasi, na mume wangu, Baba Mujibu, wakati huu yuko Lupaso shambani, kwa kuwa ni msimu wa korosho na huwa analala huko huko mpaka kazi ipungue.

Mume wangu ana laptop kuukuu, betri yake ilishakufa, inaishi kwa umeme wa ukutani, na rafiki yake Mwalimu Yeremia aliiwekea Linux badala ya windo kwa sababu alisema mashine ya umri ule haiwezi tena kubeba mizigo mikubwa, na Baba Mujibu akaigeuza yote iwe ya Kiswahili, na iwake bila kuuliza neno la siri, ili na mimi niitumie bila kumwita kila saa. Humo ndani kuna sauti ya marehemu mama yake, Bi Somoe wa Mnyambe, aliyetutoka mwaka jana, mume wangu alimrekodi kwa simu akisimulia ngano kwa Kimakonde, anacheka, anakohoa, mahali pengine anakatisha hadithi ili afukuze kuku wanaodonoa mihogo aliyoianika, akimaliza kuwatukana anarudi palepale alipoachia. Simu ile iliibwa stendi, kwa hiyo sauti imebaki kwenye laptop peke yake, na msimu ukiisha ndugu zake wa Mnyambe wanakuja kwetu kwa hitima ya mwaka, naye amewaahidi kwamba watamsikia mama yao.

Sasa mama, siku hiyo nilikuwa kwenye usafi, nimepiga deki, nimetoa magodoro juani, nikaiwasha laptop nimsikilize bibi huku naendelea na kazi, maana nitasema ukweli, Baba Mujibu akiwa hayupo huwa namsikiliza, na yeye hajui. Mara kikatokea kisanduku cha maneno, "Sasisha sasa?", na mimi kwa haraka zangu na tambara mkononi nikasoma "Safisha sasa?", nikasema moyoni, kumbe na wewe unataka usafi, haya, twende pamoja, nikabonyeza ndiyo. Mstari ukaanza kutembea polepole, na ulipofika katikati umeme ukakatika. Uliporudi nikaiwasha, zile picha zote za kubonyeza hazipo, ni giza tupu na maandishi meupe ya Kiingereza yananiuliza jina. Nikaandika jina la Baba Mujibu, likaja swali la neno la siri, nikabahatisha, lakini kila nikibonyeza herufi hakitokei kitu, hata nukta, nikajua na kibodi nayo imekufa.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa simu hapa mjini, Joel, akaitazama kidogo tu akasema, "Dada, hii Linux itakusumbua bure. Niachie nikupigie windo, jioni unaichukua ikiwa mpya." Nikamwuliza, na sauti iliyomo? Akasema, "Vya zamani vinafutika dada, lakini mashine inapona." Nikairudisha nyumbani nikamwambia nitafikiria, ila mama, shetani hajaniacha, ananiambia nikipigisha windo mume wangu akirudi ataikuta inawaka vizuri, nitasema sauti ilifutika yenyewe, naye ataamini, maana mimi ananiamini sana. Si kwamba ananipiga, wala hagombi, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Atasema haidhuru Mama Mujibu, halafu atakwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake, na mimi kumwona vile siwezi. Nimpelekee Joel, au nifanyeje?

Mama Mujibu, Masasi

—

Marahaba, Mama Mujibu. Nimecheka, siwezi kukudanganya, na si kidogo. Herufi moja tu, na tambara mkononi! Lakini nilipofika kwa Bi Somoe na kuku wake niliacha kucheka, nikarudia kusoma tangu mwanzo.

La haraka ndilo hili: laptop hiyo isikanyage tena kwa Joel. Simlaumu, alikwambia kweli tupu na wewe ulimsikia. Kupiga windo ni kufuta kila kilichomo na kuanza upya, na hivyo alivyoviita "vya zamani" ndiye Bi Somoe mwenyewe. Kwenu huko mtu hakati mkorosho kwa sababu maua yameingia ukungu, sasa wewe panga la nini?

Mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi tu, kwa hiyo nilimsomea barua yako Getrude, anayepanga kurasa za gazeti hili, naye anatumia hiyo hiyo Linux. Hakushtuka hata kidogo. Alisema kusasisha ni kubadilisha programu za zamani kwa mpya, na umeme ulipokatika, zile zinazochora picha kwenye kioo zilibaki nusu nusu. Faili zenu zinakaa kwingine, na kwa kawaida hazikuguswa. Hilo giza lenye maandishi ni kompyuta iliyo macho, inazungumza kwa maandishi kwa sababu picha zimeikatalia. Na kibodi yako haijafa, mwanangu. Kwenye giza lile neno la siri haliandikwi mbele ya macho, hata nukta, ili aliyesimama nyuma yako asijue lina herufi ngapi. Uliandika vizuri kabisa, ila uliandika neno lisilo lenyewe.

Mwite Mwalimu Yeremia, aje na flashi ya kuwashia Linux. Aiwashe laptop kutoka kwenye hiyo flashi, na ikimwuliza, achague kujaribu, asichague kusakinisha. Hapo ataona faili za mumeo, anakili sauti zote kwenye flashi nyingine. Hili ni la kwanza, kabla mtu hajagusa kitu kingine chochote. Mkishamaliza, tengenezeni nakala moja iende Mnyambe kwa ndugu, maana sauti ya mzazi haihifadhiwi mahali pamoja penye betri iliyokufa! Katika hili nyote wawili mmekosea, nawe mwambie mumeo nimesema.

Kisha iwasheni kawaida, mwingie kwa jina na neno la siri, muunganishe na intaneti, na Yeremia aandike mistari hii kama ilivyo, mmoja baada ya mwingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt install -f
sudo reboot

Wa kwanza unamalizia kazi ambayo umeme uliikatiza, wa pili unaleta kilichopungua, wa tatu unaizima na kuiwasha upya. Ikirudi bado giza, usianze kulia. Wakati inawaka Yeremia afungue orodha ya kuwashia, achague toleo la nyuma la kiini cha mfumo, ambalo huwa halitupwi. Na ikigoma hata hapo, sauti mnayo mkononi tayari, mnaweza kungoja mtu anayejua zaidi. Ila kazi hiyo ifanyeni mahali penye umeme wa uhakika, hata kama ni kwenda kuomba kwa jirani mwenye jenereta.

Sasa, umeona tulipokwama? Neno la siri. Liko Lupaso, kwenye kichwa cha Baba Mujibu, na kupita pembeni sikushauri. Mpigie leo. Usianze na kilio, usianze na habari za Joel. Sema hivi: "Baba Mujibu, nimebonyeza kitu, laptop imepoteza picha. Sauti ya mama naambiwa ipo. Mwalimu anakuja, nipe neno la siri." Halafu nyamaza umsikilize. Kama naye atanyamaza, mwache anyamaze, usikate simu.

Nitakugombeza mara moja tu. Ule uongo wa "ilifutika yenyewe" utoe kichwani. Ungekuwa umemzika mama yake mara ya pili, safari hii kwa siri, na mwanawe hayupo. Na ndugu wangekuja kwenye hitima wakae mkekani wakingoja kumsikia, wewe ukipita na sinia la chai na macho chini. Usingeweza kukaa na jambo hilo. Mtu anayeweza haandikii gazeti.

Kuna lingine la kumwambia mumeo, na hili ulilipitisha haraka katikati ya deki na magodoro ukidhani sitaliona. Mwambie na wewe huwa unamsikiliza mama yake. Yeye anakwenda nyuma ya nyumba peke yake, wewe unangoja aende shamba ndipo uwashe. Nyumba moja, watu wawili, mnamlilia mtu mmoja kwa zamu, na kila mmoja anadhani anamhurumia mwenzake. Akirudi kutoka Lupaso, kabla ya wageni, kaeni wawili mfungue ngano moja muisikilize hadi mwisho. Akilia, kaa hapo hapo. Nawe ukilia usikimbilie jikoni.

Maana naifahamu misiba yetu, Mama Mujibu. Siku ile watu walipanga foleni kumpa mkono mwanawe, na wewe mkamwana ulikuwa kwenye mafiga na masufuria makubwa, unaulizwa chumvi iko wapi. Sidhani kama kuna aliyekumbuka kukugeukia. Basi nipe mkono wako mimi, japo kwa gazeti. Pole sana, mwanangu. Umefiwa na mama.