Mtoto Niliyemfundisha Kuficha

Jumamosi. Mvua imepiga tangu alfajiri, uchochoro wetu hapa Kiwalani umejaa maji, hakuna anayetoka. Mie niko ndani na hadithi isiyotaka kuisha.

Ni hadithi ya watoto. Msichana anaitwa Tatu, amepewa gauni la sikukuu, na ukurasa wa mwisho anatakiwa amgawie jirani asiye na kitu, tena akitabasamu. Mhariri ameirudisha mara mbili. "Dada, mtoto akue," ameniandikia. "Wasomaji waone amejifunza kutoa." Lakini kila nikimfikisha Tatu mlangoni na gauni lake, anagoma.

Leo nimejua kwa nini.

Wiki iliyopita mwanangu Zuhura alitimiza miaka tisa. Mdogo wangu alimletea kopo la penseli za rangi kutoka Kinondoni. Zuhura hakuchonga hata moja; alizipanga tu, akazipangua. Kesho yake binti wa wifi yangu akaziona, akalia. Tunaishi nyumba moja, ya mama mkwe, na mama mkwe alikuwa barazani anatazama. Nikasema, "Zuhura, mpe mwenzio. Mtoto mzuri hutoa."

Akatoa. Mama mkwe akasema nimejua kulea. Nilifurahi, nakiri.

Sasa mchana huu bati likaanza kuvuja, nikainama uvunguni kutafuta beseni. Nyuma ya mabegi nikakuta kiroba cha mchele kimefungwa kamba. Ndani mna vibanio vyake vya nywele, kifutio chenye harufu ya matunda, daftari jipya, hata viatu vya sikukuu ya Idi alivyonunuliwa na baba yake.

Nikamwita. "Mbona umeficha vitu vyako, mwanangu?"

"Vikionekana utaniambia nitoe."

Hakulia. Alisema kama anayetaja siku za wiki.

Nilikaa sakafuni. Nami nilikuwaga mtoto mzuri. Marehemu baba, fundi seremala wa Keko, alinichongea kistuli changu mwenyewe. Wageni wakakisifu, kikaondoka nao. Sikusema neno, na mpaka leo sijui kusema. Nyumba hii nilikubali kuhamia kwa miezi michache. Huu mwaka wa saba.

Kumbe sikufundishwa kutoa. Nilifundishwa kunyamaza, nikadhani ndio ukarimu.

Penseli nilitaka kuzifuata. Nilifika hadi mlangoni kwa wifi, nikamsikia binti yake akiimba huku anachora. Nikarudi.

Nikamwomba Zuhura radhi. Nikamwambia kitu chake ni chake. Akipenda atatoa, asipopenda aseme hapana. Akanitazama sana.

"Hata bibi akiwepo?"

Bibi yuko chumba cha pili, namsikia anakohoa. "Hata bibi akiwepo," nikajibu. Lakini nilinong'ona, na Zuhura alitambua kuwa nimenong'ona.

Jioni nimemwandika Tatu upya. Amesimama mlangoni, amelishika gauni, anasema, "Hapana. Bado nalipenda." Nikamtumia mhariri kabla sijabadili mawazo. Huenda akaikataa hadithi yote, na sina nyingine.

Tatu ni wa karatasi, amesema mara moja tu, ikatosha. Mie mwenye mdomo, nitasema lini kwa sauti?