Yaya Adolphine, mwenye alikatalia "Artiste Inconnu"

Mwaka moja inatimia leo, Yaya Adolphine, tangu ile asubui ulitoka hapa Kamalondo na sakoshi yako ya buluu, ukatuambia tusikule pasipo weye. Bukari ilipoa. Tangu ile siku, mulango ya bati ya kuingilia kwa hii lupango yetu ikilia, kila muntu anashituka kwanza, kisha anakumbuka.

Ulikuwa couturière. Bantu mingi ya avenue yetu mpaka leo banavaa nguo ya mukono yako. Lakini bale balikuwa banaingia kwa atelier balijua: machini ya kushona ilikuwa ya kutafutia chakula, ordinateur yenye ilikuwa pembeni yake njo ilikuwa ya roho. Nyimbo elfu makumi tatu na moja. Cassette ya bazee, santuri zenye kupasuka, kwaya zenye haziimbe tena, arusi zenye bibi na bwana balisha kuachana. Muntu akikuletea kitambaa, unamuuliza: "Na cassette? Kwenu hamuna cassette?"

Ulizipanga miaka kumi na mbili. Jina ya wimbo, jina ya mwenye kuimba, mwaka, na kule chini, fasi yenye inaandikwa "Commentaire", jina ya muntu mwenye alikuletea na kile alikuambia. "Ilipigwa kwa kilio ya tata yake." "Mwenye kuleta analia bado akiisikia." Ukikuta ordinateur imeandika yeye mwenyewe "Artiste inconnu", muimbaji hajulikane, ulikuwa unakasirika sawa vile imekutukania mama. "Inconnu haiko muntu," ulikuwa unasemaka. "Ni uvivu ya mwenye alipashwa kuuliza." Kisha unaweka wimbo kwa telefone, unaenda kuzunguka, unasikilizisha bantu kwa soko na mbele ya kanisa, mpaka moja aseme: huyu namujua.

Mudogo yako Symphorien alikuwa anakusaidia. Alisomaka informatique kwa faculté miaka mbili, akaacha, na tangu pale kazi yake ya kweli ilikuwa kuchekesha bantu. Unakumbuka vile alipanga ordinateur, ukiifungua asubui inawika sawa jogoo. Unakumbuka vile alibadilisha nyimbo yote ya kwaya, akaandika "Artiste: Mama Madeleine", na mama yetu akaitwa vedette kwa avenue nzima mwezi muzima. Ulimufukuza na mètre ya kushona, huku unacheka.

Kisha ikakuja ule wimbo. Cassette bila karatasi. Gitare moja, sauti ya mwanaume, anaimba juu ya bibi mwenye anachemusha maji ya bwana yake kila mangaribi, na bwana harudie toka kwa mine ya shaba. Uliuliza miezi nane, hakuna mwenye kuijua. Symphorien alikuhurumia, ao alichoka, ao ile shetani yake ya michezo ilimushika. Hata yeye hajui vizuri. Siku moja ulienda kupima client nguo, akaandika: "Artiste: Bénit Kapepa, commune Kenya, 1977." Akakuambia aliipata kwa internet. Hakuna Kapepa. Ile jina aliitosha kwa kichwa. Alitaka akuone unafurahi juma moja, kisha aseme kweli, umufukuze na mètre.

Ulifurahi. Ukaanza kwenda kule Kenya, commune ya hapa mjini, kumutafuta Kapepa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara Symphorien alikuwa anajiambia: kesho nitamuambia.

Ile miezi mji ilikuwa mubaya. Kazi zilikuwa zinafunga moja moja, barrière zinaota kwa njia sawa majani, na bantu balianza kukuuliza "weye ni wa wapi?" mbele ya kukusalimia. Client zako ya Butembo, bale ya magazini kubwa, balipakia bintu, bakaenda bila kutwaa nguo zenye ulisha kushona. Weye ulitosha disque yenye nyimbo zote kwa ordinateur, ukaiweka ndani ya mukebe ya biscuit, ukatuambia: "Bakikuja kuchoma, bachome machini. Ile mukebe munitoshee." Tulizania ni kuchekesha. Haikukuwa kuchekesha. Kila ulipomaliza kupanga nyimbo, disque ilikuwa inarudia kwa mukebe.

Ile asubui ulisema tu: "Naenda Kenya juu ya ule wimbo." Saa tatu masasi ikaanza. Kwanza mbali, sawa bati yenye kuanguka. Kisha karibu. Tulisukuma armoire kwa mulango. Telefone yako ilikuwa inaita, hakuna wa kujibu. Kisha haikuita tena.

Tulikupata siku ya tatu, kwa morgue, na karatasi kwa muguu: "Inconnue." Weye, Yaya. Lisasi moja, ya nani, mpaka leo hakuna mwenye alisema. Jemima mutoto yako alilomba bic kwa mulinzi, akakata ile neno, akaandika majina yako yote tatu. Njo kisha tukalia.

Tangu pale woga iliingia kwa Symphorien, ikaikala. Tulimulomba nyimbo zako juu ya kilio. Alisema disque ilikufwa. Tulimulomba juu ya misa ya siku makumi ine; disque ilikufwa. Haikukufwa. Ilikuwa chini ya kitanda yake, ndani ya mukebe, na aliogopa hata kupitisha ufagio pale. Alikuwa anawaza: mwenye kufungua disque ataona Kapepa, mwenye kuona Kapepa atamutafuta, na akimukosa atauliza ni nani aliandika.

Hakujua mama yetu hana lazima ya disque. Ile jina ulikuwa unaitaja kwa meza kila siku. Mwezi yenye ilipita, Mama Madeleine alimuita Symphorien kwa salon, akamupatia karatasi.

"Weye ulisoma. Andika communiqué, tuipeleke radio."

"Ya nini, mama?"

"Ya Kapepa. Bénit Kapepa wa Kenya. Pengine alimuona. Nataka kujua kintu moja: mutoto yangu alifika kule, ao alikufwa pa kwenda. Kama alifika, kama alikunywa hata maji, nitalala."

"Pengine ule muntu alihama, mama."

"Njo juu ya ile radio iko. Andika."

Aliandika "Famille Mutale", akasimama.

"Mujomba," Jemima akamuambia, "ni communiqué, haiko mémoire ya faculté. Na hii pia utaacha katikati?"

Symphorien akaweka bic chini. "Mama, Kapepa haiko. Ni miye nilimutunga."

Alieleza yote, macho kwa simenti. Jirani alikuwa anasaga pilipili. Tulisikia mpaka alimaliza kusaga, kisha mama yetu akauliza:

"Disque iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Leta."

Hakukuwa courant ya umeme. Tuliikala masaa mbili tunazunguka ile mukebe, hakuna mwenye kuangalia mwenzake. Courant iliporudia, Jemima njo alifungua. Ule wimbo ilikuwa fasi yake. Lakini jina ya Kapepa haikukuwa tena. Ulisha kuifuta, ukaacha fasi wazi. Na chini, kwa Commentaire, maandiko yako ya siku moja mbele ya kufwa kwako:

"Kapepa haiko duniani, ni michezo ya Symphorien. Simuambie bado, namuacha ateseke kidogo. Lakini kwa kumutafuta Kapepa nilipata mama wa soko mwenye anajua hii sauti. Ni Numbi. Alikufwaka zamani. Bibi yake Mama Chilufya iko nyuma ya soko ya Kenya. Kesho asubui naenda kuuliza."

Symphorien alisoma mara tatu pale pa "ateseke kidogo". Tulimuona anacheka na kulia pamoja, hatukujua tumushikilie namna gani.

Kesho yake alienda Kenya na Jemima. Alikuwa hajakanyaga kule tangu ile siku ya masasi. Alitembea karibu na ukuta kama muntu mwenye kutafutwa; pikipiki ikipiga kelele, anasimama, anamushika Jemima mukono, na hakujua ni nani anachunga mwenzake. Mama Chilufya ni muzee, anauza unga mbele ya mulango yake. Balimusikilizisha wimbo. Akaacha kupima. Hakuangalia telefone, aliangalia uso ya Jemima.

"Weye ni mutoto ya ule mama wa sakoshi ya buluu."

"Alifika?" Jemima akauliza.

"Alifika. Tulikunywa chai. Aliandika jina ya bwana yangu kwa kitabu, akanisomea, akauliza kama aliandika muzuri. Kisha masasi. Nikamuambia: mama, ingia chini ya kitanda, fasi iko. Akakatala. Akasema: niko na mudogo nyumba, ni muntu wa michezo, hajuake woga, atatoka kunitafuta. Nilimushika kwa kikwembe. Akaenda."

Symphorien hakutoka kukutafuta, Yaya. Tunapashwa kuandika na hii. Alikuwa chini ya meza, mikono kwa masikio, pamoja na siye wote. Ulimukimbilia muntu mwenye hakutoka. Masasi ilipita, lakini ile neno ya Mama Chilufya njo inamuogopesha mpaka leo, hata juwa ikiwa katikati ya kichwa, hata bantu bakiwa banacheka.

Tulifanya kikao ya famille. Bamoja balisema tusimuone tena kwa hii lupango. Mama Madeleine aliacha bamalize, kisha akasema: "Mutoto yangu alifika, alikunywa chai. Miye nitalala. Huyu atabakia hapa, apange nyimbo." Na akamupatia kazi ya kuandika hii kumbukumbu kwa jina yetu wote. Njo yeye anaandika. Anajiita Symphorien sawa muntu mwingine, juu kuandika "miye" inamushinda.

Majina ya uongo yenye aliweka kwa disque yako ilikuwa kumi na moja, kuhesabu na Kapepa. Alisha kupata tisa. Mbili hakumbuke. Anapita nyimbo kwa nyimbo, na disque imeanza kukohoa. Kila akiiwasha tunanyamaza wote mpaka ifunguke. Anaogopa ikufwe kweli sasa, yeye mwenye alisema uongo mwaka muzima kama ilikufwa.

Kwa hiyo weye mwenye kusoma hii, kama Yaya Adolphine alikuwekeaka nyimbo kwa telefone ao kwa clé USB, zilete kwetu Kamalondo, tufanye copie. Usichague. Na ukikuta muimbaji mwenye jina yake inachekesha na hakuna muzee hata moja anamujua, usimutafute. Muulize Symphorien. Hatakasirika.

Yaya, ule wimbo iko na jina yake sasa: Numbi. Tutaipiga siku ya posho, jumamosi, hapa nyumba, misa ya saa ine ikiisha, na Mama Chilufya alikubali kukuja. Kwa Commentaire hatukufuta neno yako hata moja, hata ile ya kutesa. Chini yake Symphorien aliongeza tu neno moja, ile yenye mama yetu alikuwa anataka kwa radio:

"Alifika."

Tuko tunakuwaza: mama yako Madeleine, mutoto yako Jemima, mudogo yako Symphorien, na famille yote ya Mutale, ya Kamalondo na ya Kinsevere. Siku zote zenye Mungu atatuachia, jina yako itaitwa kwa hii nyumba.