Vichipukizi vya Ubavuni

Kitaluni, 3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na hilo "sijambo" lipokee lilivyo, usilipime kama nyinyi wauguzi mnavyopima wagonjwa huko wodini. Miaka tisa hatujasemeshana, tangu tumzike mama. Leo naandika kwa sababu shemeji yako kashindwa kufunga mdomo, akakupigia simu. Ndiyo, nina uvimbe kwenye titi la kushoto, ukubwa wa kokwa ya tende na mgumu vilevile. Ndiyo, ni saratani. Daktari anataka kuukata, mimi sitaki.

Usiniite mjinga. Nauza miche mwaka wa ishirini na sita huu. Nikikata kilele cha mche, wiki mbili haziishi, vichipukizi vyote vilivyolala ubavuni vinaamka. Mama alikuwa akitembea, akicheka, akigombana na kuku. Ukampeleka akakatwa titi, na baada ya miezi mitano tukamzika, ini limejaa ugonjwa. Mkono uliompeleka ulikuwa wako.

Mimi hunipeleki.

Dada yako

*

Wodi ya upasuaji, 11 Februari

Dada,

Shikamoo. Hapa tu wazima, na nimefurahi hata kutukanwa, maadamu ni kwa mwandiko wako.

Kuhusu miche hukukosea sana. Daktari wetu mpasuaji nilimsomea kile kipande cha miche tu, akavua miwani. Akasema wataalamu wanabishania jambo hilo miaka mingi: kwa panya wa maabara, uvimbe mkubwa ukiondolewa, mara nyingine mbegu za ugonjwa zilizolala mbali huamka, mara nyingine hunyauka. Kwa binadamu hajui yote. "Ila mwambie dada yako," akasema, "kisu hakipandi mbegu. Uvimbe wenyewe ndio unaozimwaga, kila siku unayouacha."

Sasa langu. Ini la mama lilijaa kabla ya kisu. Picha niliiona mimi. Titi lilishakuwa kidonda, akikifunika kwa khanga usikione, na alitaka kukatwa ili afe bila harufu. Aliniapisha nisikuambie, kwa sababu ulikuwa na mimba ya miezi miwili na mbili za kabla zilikuwa zimeharibika. Uliponinyooshea kidole msibani, nilinyamaza kwa ajili ya mimba. Mtoto akazaliwa salama, nami bado nikanyamaza. Hapo kiapo hakimo, ni woga wangu.

Nisamehe. Ukatwe, dada.

Mdogo wako

*

Kitaluni, 2 Machi

Sikusalimu.

Miaka tisa umeniacha nimchukie asiye na kosa. Nani alikuambia siwezi kubeba mzigo wangu? Nimepasua viriba arobaini, vile vifuko vya miche, kwa hasira, na shemeji yako amehamia uani mpaka nipoe.

Halafu, katika kuokota ile miche, nikajiona mpumbavu. Nilikuandikia nusu ya kazi yangu. Nikikata kilele na nikataka shina libaki safi, siendi kulala. Napita kila asubuhi, mche kwa mche, nafinya kila kichipukizi kwa kidole gumba kabla hakijapata jani. Nilikumbuka mkasi, kidole nikakisahau, mimi mwenyewe.

Nikaenda kwa daktari wangu, nikamuuliza: ukishakata, nani atapita asubuhi? Akanitazama kama nimerukwa na akili. Nilipomweleza alielewa, akasema dripu za dawa kali miezi mitano, kisha vidonge miaka mitano, na vipimo kila mara. Nikamwambia hayo angeanza nayo.

Nakatwa tarehe ishirini. Usije.

Dada yako

*

Kitaluni, 17 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo wewe, na wodi yako haijambo? Nilipofumbua macho siku ile ya kukatwa nikakukuta umekaa kitandani kwangu unakula machungwa yangu, nilijua kichwa kigumu ni cha ukoo. Nywele zimerudi, na mvi zote zimefuatana nazo.

Nakuandikia kabla shemeji yako hajafika kwenye simu. Picha imeonyesha kidoa kwenye pafu. Huenda kilikuwa kimelala huko kabla ya kisu. Huenda kisu ndicho kilichokiamsha. Daktari amesema kweli kwamba hajui, nikampenda kwa hilo. Wanabadilisha dawa Jumatatu. Naogopa, nisikufiche, lakini asubuhi hii nimepanda miche mia mbili ya miti isiyozaa kabla ya miaka saba, na nimewaambia wateja nitaivuna nao.

Kisu sikijutii. Ningerudi leo ningekatwa tena.

Lakini watu ni walewale. Nikifa kabla yako, wataanza: si ndugu yake muuguzi ndiye aliyemshawishi? Kwenye msiba wa mama ulikaa nyuma, mlangoni, kama mkosaji. Wangu ukae mbele. Barua hii itunze, na atakayekunyooshea kidole msomee kwa sauti: mkono ulionipeleka ni huu unaoandika.

Dada yako